Mizani Haijui Cheo



Alfajiri, kabla wakazi wa Nyarutarama hawajafungua madirisha yao, tingatinga huwa limekwisha kufika. Jioni iliyotangulia kiwanja kilikuwa kitupu, kimezungushiwa mabati. Asubuhi mashine ya manjano imesimama katikati yake, na mwendeshaji anapanda kuiwasha. Kilima hicho cha Kigali, chenye nyumba za mabalozi, uwanja wa gofu na ziwa dogo bondeni, kimejengwa kwa mashine za namna hiyo. Wapita njia huuliza nyumba ni ya nani, itagharimu kiasi gani, na itakwisha lini. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza tingatinga lile lilipandaje mlima, wala ni nani aliyekesha usiku kucha akilileta.

Swali hilo linastahili kuulizwa mbele ya askari kwa sababu mbili. Kwanza, wapo askari wengi ambao siku moja watavua sare wakiwa bado na nguvu za kufanya kazi, na udereva wa mizigo mizito ni mojawapo ya kazi za uraiani zinazoafikiana na mafunzo waliyoyapata jeshini. Pili, wapo polisi ambao kila usiku husimama barabarani wakiamua kama mzigo uendelee na safari au usimame. Mmoja anaitafuta kazi hiyo. Mwingine anailinda isigeuke kuwa mauti kwa wananchi. Hapana budi wote wawili waielewe.

Rwanda haina bahari, wala haina reli. Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Kigali ni safari ya karibu kilometa 1,500, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama na mpaka wa Rusumo. Kutoka Mombasa, kupitia Nairobi, Malaba na Kampala, ni karibu kilometa 1,700. Transfoma, jenereta kubwa na mashine za kuchimba barabara zinazoshushwa melini kwa ajili ya Rwanda kwa kawaida hupita katika mojawapo ya njia hizo, na humaliza safari yake juu ya matairi. Mwaka 2016 ulizinduliwa mtambo wa KivuWatt huko Karongi, unaofua umeme kwa gesi ya methani iliyomo ndani ya Ziwa Kivu. Mwaka 2017 ulianza ujenzi wa uwanja mpya wa ndege wa Bugesera. Pale Rusumo penyewe, maporomoko ya mto Akagera yamefungiwa mitambo mitatu ya umeme yenye jumla ya megawati 80, ambazo Rwanda, Tanzania na Burundi hugawana. Magazeti yaliandika habari za fedha na mikataba ya miradi hiyo. Lakini kazi za namna hiyo haziendi mpaka apatikane dereva wa kufikisha chuma mahali pake.

Katika biashara ya usafirishaji, mizigo ya aina hii huitwa mizigo isiyogawanyika. Mfanyabiashara aliyepakia magunia ya saruji kupita kiasi anaweza kushusha mia moja na kuondoka. Transfoma haipunguzwi. Haiwezi kukatwa nusu, moja ipande gari hili na nyingine lile. Kwa hiyo gari ndilo linalotafutwa la kuufaa mzigo, na njia ndiyo inayochaguliwa ya kulifaa gari. Hapo ndipo udereva unapoacha kuwa kazi ya usukani peke yake na kuwa ufundi wa kupima, kuhesabu na kukataa.

Baadhi ya askari wanaokaribia kustaafu hutamani kuanza na mwisho wa safari badala ya mwanzo wake. Nchini Rwanda, askari na polisi wana benki yao ya akiba na mikopo, Zigama CSS, iliyoanzishwa mwaka 1997, na jina lake kwa Kinyarwanda lina maana ya kuweka akiba. Ni jambo jema kwamba akiba hiyo ipo. Lakini akiba ya miaka ishirini inaweza kumalizika katika miezi sita. Mtu anapokea kiinua mgongo chake, anaambiwa na rafiki kwamba mizigo mizito inalipa kuliko sukari na unga, ananunua kichwa kikuukuu na trela lililokwisha kuungwa mara tatu, kisha anamkabidhi kijana asiyemfahamu. Safari ya kwanza inaleta faida, na ya pili inapasua matairi manne. Safari ya tatu inakamatwa mizani kwa kuzidisha uzito. Ya nne hairudi. Mtu huyo hakushindwa kwa sababu biashara ni mbaya, bali kwa sababu alinunua chombo kabla ya kununua ujuzi.

Ujuzi huo unaanza na hesabu ndogo ambayo kila askari anaweza kuifanya. Tingatinga la aina ya Caterpillar D8 lina uzito wa karibu tani 40. Trela lenye sakafu ya chini, ambalo madereva huliita lobedi, pamoja na kichwa chake huongeza tani 20 na zaidi. Jumla imekwisha kupita tani 60. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima pamoja na mzigo wake. Ndiyo kusema kwamba gari hilo halina ruhusa ya kuondoka bila kibali maalumu, kinachotaja njia litakayopita na masharti ya kulisindikiza. Dereva mjuzi hufanya hesabu hiyo kabla ya injini kuwashwa. Hufungua bamba la mbele la kusukumia udongo, lenye uzito wa tani kadhaa, na kulipeleka kwa gari jingine. Kilichobaki hakigawanyiki tena, na hicho ndicho anachokiombea kibali.

Wapo wanaodhani kwamba mizani imewekwa barabarani ili kuwasumbua wafanyabiashara. Askari wanayo sababu ya pekee ya kutoamini maneno hayo, kwa maana ushahidi wake ulikusanywa na askari wenzao. Kati ya mwaka 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, wahandisi walijenga barabara maalumu za majaribio. Askari wa kikosi cha usafirishaji cha jeshi la nchi hiyo waliendesha malori juu ya barabara hizo, mchana na usiku, kwa miaka miwili, mpaka ekseli zikawa zimepita zaidi ya mara milioni moja. Ilikuwa kazi ya kuchosha, lakini ilitoa jibu ambalo wajenzi wa barabara duniani wanalitumia mpaka leo. Uharibifu wa barabara haupandi sawasawa na uzito. Hupanda kwa kiasi cha kipeo cha nne. Ekseli iliyopaswa kubeba tani 10 ikibebeshwa tani 12, barabara huumia takribani mara mbili. Ikibebeshwa tani 20, huumia mara 16. Tani mbili ambazo mwenye gari anaziona kuwa ni kitu kidogo, mlipa kodi huja kuzilipia kwa lami mpya.

Na barabara inayovunjika husamehe kuliko daraja linalovunjika. Hilo nalo askari wa Afrika Mashariki wanalijua kwa historia. Mwezi wa Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yalilipua daraja la Kyaka juu ya mto Kagera. Mwanajeshi wa miguu anaweza kuvuka mto kwa mashua. Kifaru na mzinga haviwezi. Ilibidi wahandisi wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania waweke daraja la muda ndipo silaha nzito zivuke. Tangu hapo hakuna mwanajeshi wa kikosi cha uhandisi anayehitaji kuelezwa kwamba vita inaweza kusimama mbele ya mto mmoja kwa sababu ya uzito. Katika majeshi mengi gari hupewa namba ya uzito wake na daraja hupewa namba ya uwezo wake, na namba ya gari ikizidi ya daraja, gari halipiti, hata kama ndani yake amekaa jenerali.

Mto huo wa Kagera ndio Akagera wa Rusumo. Kwa miaka mingi malori ya kwenda Kigali yalivuka hapo kwa daraja jembamba, gari moja baada ya jingine. Daraja jipya lililojengwa kwa msaada wa Japani, pamoja na kituo cha pamoja cha forodha, vilizinduliwa rasmi tarehe 6 Aprili 2016 na Rais John Magufuli wa Tanzania na Rais Paul Kagame wa Rwanda. Kuvuka kumekuwa rahisi, lakini dereva wa mzigo mpana bado ana kazi ya kufanya. Tanzania gari hupita kushoto. Rwanda hupita kulia. Kwa dereva wa gari dogo hilo ni jambo la kuzoea kwa dakika chache. Kwa dereva ambaye mzigo wake umetoka nje ya trela pande zote mbili, kila kona, kila kioo na kila ishara ya msindikizaji hubadilika hapo hapo mpakani.

Kisha inakuja milima. Rwanda huitwa nchi ya vilima elfu, na dereva wa lobedi huvihesabu kwa breki zake. Gari la tani 60 likishuka mteremko wenye kimo cha meta 100, breki zikaachiwa kazi yote, joto linalozalishwa linatosha kuchemsha karibu pipa zima la maji. Joto hilo halina pa kwenda ila kwenye ngoma za breki. Breki zikisha kupata moto kupita kiasi hulegea, na dereva hukanyaga pedali bila kupata jibu. Kwa hiyo mteremko haushindwi katikati, hushindwa juu yake, kabla ya kuanza kushuka: kwa kuchagua gia ndogo, kwa kuiachia injini ishike gari, na kwa kusimama kileleni kukagua magurudumu hata kama saa zimekwenda. Asiyefanya hivyo akiwa juu hana nafasi ya kufanya lolote akiwa chini.

Minyororo nayo ina hesabu yake. Kanuni zinazofuatwa Ulaya zinataka mzigo ufungwe kwa nguvu ya kuuzuia usiende mbele kwa kiasi cha asilimia 80 ya uzito wake, na kwa asilimia 50 usiende pembeni wala nyuma. Mashine ya tani 40, basi, yadai kizuizi cha tani 32 upande wa mbele. Kwa nini mbele iwe zaidi? Kwa sababu breki zikipigwa ghafla, trela husimama lakini mzigo hutaka kuendelea na safari, na kati yake na mbele kuna kichwa cha gari, na ndani ya kichwa amekaa dereva.

Mtu anayetaka kuijenga kazi hii hana budi kupanda ngazi kwa ngazi. Huanza akiwa utingo, akijifunza kufunga mnyororo, kuweka kabari na kumwongoza dereva kwa ishara za mkono gizani. Huendesha lori la kawaida kwa miaka, kisha trela la kontena, akipata leseni ya kila daraja kwa haki yake. Hujifunza karatasi za forodha, vibali vya mzigo usio wa kawaida, na bima ya Kadi ya Njano inayotambuliwa kutoka nchi moja hadi nyingine. Hukaa katika gari la kusindikiza, lenye kibendera chekundu na taa, na humo ndimo anamojifunza kuiona barabara kwa macho ya mzigo: waya wa umeme uliolegea, tawi la mti, kona ya mtaa ambayo mkia wa trela utaikata. Baada ya yote hayo ndipo hukabidhiwa lobedi. Wengine huendelea mpaka kuwa wasimamizi wa safari nzima, wale ambao hutangulia wiki moja kabla ya mzigo wakipima madaraja kwa futi na kamba.

Askari anayeingia katika ngazi hiyo ana mtaji ambao kijana wa uraiani hana. Amezoea kuamka kabla ya jua. Amezoea kukagua gari kwa orodha na kutia saini. Amekwisha kwenda katika msafara, anajua umbali wa gari na gari, na anajua kukaa saa kumi bila kunywa pombe. Sifa hizo huthaminiwa sana na makampuni yanayosafirisha mitambo ya thamani kubwa. Lakini sifa hizo si leseni. Sajenti aliyeendesha lori la jeshi kwa miaka kumi na tano, akiona haya kuwa utingo wa kijana wa miaka ishirini na minane, atabaki na cheo chake bila kazi. Mizani haijui cheo. Humpima sajenti na raia kwa kilo zile zile.

Liko pia jambo moja gumu zaidi, na ndilo kiini cha mazungumzo haya. Mwanajeshi amefunzwa kutii. Uzito hautii amri ya mtu. Mwenye gari hupiga simu saa tatu za usiku akisema kwamba mkandarasi wa Nyarutarama anaisubiri mashine, kwamba asubuhi ikifika bila mashine mkataba utavunjika, na kwamba kibali kitafuata baadaye. Dereva anatazama mbele ya taa: mvua imeanza, mnyororo mmoja una pete iliyopasuka, na njia ya kupandia kilimani haijakaguliwa. Mtu aliyefunzwa kutii tu ataondoka. Dereva aliyekamilika atasema hapana, na ataisema kabla ya safari kuanza, kwa adabu, akieleza sababu zake moja moja. Huenda akapoteza mzigo wa usiku ule. Lakini katika kazi ya mizigo mizito jina la dereva hujengwa kwa safari alizozikataa kama linavyojengwa kwa zile alizozifikisha. Wenye mitambo ya mabilioni hawamtafuti dereva shujaa. Humtafuta yule ambaye akisema njia inapitika, inapitika kweli.

Wala kukataa huko si kinyume cha nidhamu ya jeshi. Dereva wa kikosi anayegundua kwamba breki za lori hazishiki huripoti, na gari halitoki, hata kama msafara unasubiri. Ofisa mwenye akili humshukuru. Nidhamu ya kweli haikuwa kamwe kufumba macho. Ilikuwa kusema ukweli kwa wakati wake, kwa mtu anayehusika.

Hapa ndipo polisi naye anapoingia. Ile hapana ya dereva ni dhaifu mno ikiwa hapana ya polisi inanunulika. Dereva mwaminifu anayekataa mzigo wa tani 70 huona mwenzake akiuchukua, akipita kizuizi cha kwanza na cha pili kwa kunyoosha mkono dirishani, na kurudi kesho yake na fedha mfukoni. Wapo wanaojitetea kwa methali kwamba mkono mtupu haulambwi. Lakini askari anayepokea noti usiku wa leo na kuliachia gari lisilo na kibali amekuwa shahidi aliyenunuliwa. Amesema kwa kitendo kwamba gari ni salama, hali hajui. Likishindwa kwenye mteremko unaofuata, waliokufa hawakuuawa na dereva peke yake. Na hata lisiposhindwa, amemfunza dereva mwaminifu kwamba uaminifu ni hasara, na amemfukuza katika kazi mtu ambaye barabara ilimhitaji.

Mwezi wa Mei 2019 Polisi ya Taifa ya Rwanda ilianzisha kampeni ya usalama barabarani iitwayo Gerayo Amahoro, yaani fika kwa amani. Ni maneno mema, na yana maana pana kuliko inavyodhaniwa. Kufika kwa amani hakumhusu mwenye gari peke yake. Kunamhusu mama anayefagia barabara alfajiri, mwendesha pikipiki aliyembeba abiria, na mtoto wa shule anayeshuka kutoka Nyarutarama kuelekea Remera akiwa na begi mgongoni, pembezoni mwa njia ile ile ambayo saa mbili kabla ilipitisha tani 60 za chuma. Mtoto huyo hajui kwamba kilomita nyingi nyuma dereva alisimama kileleni kukagua breki, wala hajui kwamba askari mmoja pale mizani alikataa noti.

Kwa hiyo ni wajibu wa askari anayejiandaa kustaafu kuanza kujifunza kabla ya kununua, na kukubali kuwa mwanafunzi tena. Ni wajibu wa makamanda kuwasaidia wapate leseni na vyeti vya uraiani wakiwa bado kazini, ili siku ya kuvua sare isiwe siku ya kuanza upya. Na ni wajibu wa polisi aliye barabarani kukumbuka kwamba anapousimamisha mzigo usio halali haizuii kazi ya mtu. Anailinda kazi ya yule aliyeifanya kwa haki.

Tingatinga litaendelea kufika Nyarutarama alfajiri, na wakazi wataendelea kulikuta limesimama bila kuuliza limefikaje. Hakuna ubaya katika hilo, maadamu waliolifikisha wanaweza kuulizwa wakati wowote, na jibu lao likawa lile lile lililoandikwa na mizani.